AFYA NYUMBANI: Shingo inapouma, tusikimbie ziwa

Sisi tuko Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya maumivu ambayo wengi wetu tumekwisha kuyazoea mpaka tunayaona kuwa ni sehemu ya umama. Ni maumivu ya shingo na mgongo wa juu, yale yanayolala nasi usiku na kuamka nasi asubuhi. Tunayaandika kwa sababu yameingia katika kikundi chetu wenyewe, tena kupitia mlango ambao hatukuutazamia, yaani kuogelea.

Huenda msomaji wa Sumbawanga mjini, kule juu kwenye baridi, akauliza, "Akina mama na kuogelea, wapi na wapi?" Ndugu yetu, sisi wa huku chini tunaishi na maji. Tukienda kuuguza Kirando, tunapanda boti. Tukienda kwenye msiba Kipili, tunapanda boti. Na ziwa letu si bwawa. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote ni ziwa la Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Kuna mahali ukisogea hatua chache kutoka ufukweni mguu haugusi tena chini.

Hatujasahau MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei, 1996. Wala hatujasahau MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba, 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Basi sisi akina mama wachache wa kanisani tuliona kwamba kuombea wasafiri ni vema, lakini kumfundisha binti kuogelea nako ni wajibu. Tukaanza kukutana ufukweni kila Jumamosi, akina mama na mabinti.

Mwalimu wetu ni mwenzetu mmoja ambaye tangu utoto maji hayakumpiga chenga. Huyu ndiye aliyetufundisha hata sisi tuliokuwa tunaishia magotini. Na huyu ndiye shingo ilimshika. Ilianza kama uchovu wa kawaida baada ya kazi. Halafu maumivu yakapanda kutoka katikati ya mabega hadi nyuma ya kichwa. Ikafika mahali akiitwa kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi. Mwaka ukapita hivyo.

Ushauri aliopewa ulikuwa mwingi. Bibi mmoja alimwambia ni baridi ya maji imemwingia mifupani, aache kuogelea. Jirani alimwambia ametupiwa jambo na mtu mwenye wivu. Muuza dawa mmoja alimchoma sindano ya diklofenaki, akapata nafuu siku mbili, akarudi, akachomwa tena, mpaka tumbo likaanza kumwaka moto. Sisi wenyewe, pamoja na unesi wetu, tulitoa hukumu ya haraka. Tulisema ni beseni la dagaa. Mama anayebeba beseni la dagaa kichwani kila siku, utatafuta sababu gani nyingine?

Lakini angalieni yaliyotokea. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Beseni likawekwa chini. Tukasema moyoni, sasa shingo itapona. Miezi miwili ilipopita mwenzetu akatujia nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Dada nesi, beseni limelala tangu Mei. Mbona shingo imezidi? Nafikiri yule bibi alisema kweli. Niagieni mwalimu mwingine wa hao watoto."

Neno hilo lilituuma. Tuliona jinsi mabinti wale watakavyorudi kukaa ufukweni. Tukamwomba jambo moja tu kabla ya kuacha: aogelee kama kawaida yake, nasi tusimame ufukweni tumtazame kwa makini.

Tulichokiona kilitufedhehesha, kwa maana tulikuwa tukikiona kila Jumamosi bila kukitambua. Mwenzetu aliogelea kichwa chote kikiwa nje ya maji, kidevu kimeinuliwa mbele, macho yakitazama upeoni. Wote tunaogelea hivyo. Tuliulizana kwa nini, na majibu yakatoka upesi. Wa kwanza alisema ni nywele, nani anataka kulowesha nywele alizosuka jana? Wa pili alisema ni maji masikioni. Wa tatu akasema kwa sauti ndogo, "Mamba. Mimi naangalia mamba." Aidha, miezi ile ndiyo upepo wa kusi unaovuma tangu Mei hadi Septemba, na mawimbi yakiwa makubwa mtu huzidi kuinua kichwa. Tena kwa kuwa hakukuwa na kazi ya dagaa, mwenzetu alikuwa akiogelea karibu kila siku. Beseni lilikuwa limepumzika, lakini shingo haikupumzika hata kidogo.

Tueleze kidogo mwili unavyofanya kazi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kimekaa juu ya pingili 7 za shingo, na kinashikiliwa na misuli inayotoka chini ya fuvu, ikashuka mpaka mabegani na katikati ya mgongo. Misuli hiyo ni kama kamba za mlingoti. Mlingoti ukisimama wima, kamba zinafanya kazi nyepesi. Mlingoti ukiegemea upande mmoja, kamba za upande wa pili zinavutwa mchana kutwa. Mtu anapolala kifudifudi majini na kuinua kichwa, misuli ya nyuma ya shingo inakaza bila kulegea, na vifundo vidogo vya pingili vinabanana. Tena kichwa kikipanda, miguu inazama. Miguu ikizama, inabidi upige mikono kwa nguvu zaidi ili usonge mbele, na mabega nayo yanachoka. Hayo yakirudiwa kila siku, misuli haipati nafasi ya kujitengeneza.

Kuna na kosa la pili, ambalo huwapata wale wanaoogelea kwa kutumbukiza uso. Wanapotaka kuvuta pumzi wanakiinua kichwa na kukipinda kwa ghafla, tena daima upande uleule. Shingo inapindwa mamia ya mara upande mmoja tu. Hata waogeleaji wa mashindano hawana budi kujifunza jambo hili. Dada yetu Magdalena Moshi, aliyeiwakilisha Tanzania katika Olimpiki za London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016, aliogelea mtindo huru, na katika mtindo huo uso hutazama chini majini.

Basi hatukumwambia mwenzetu aache ziwa. Tulimwomba abadili namna yake, nasi tukabadilika pamoja naye. Tulifanya hivi:

Kwanza, macho yatazame chini. Tulianza mahali maji yanapofika kiunoni. Unalala juu ya maji, uso ndani, ukitazama mchanga, shingo imenyooka sawasawa na mgongo. Utashangaa jinsi miguu inavyopanda yenyewe.

Pili, pumzi itoke ndani ya maji. Wengi wetu tulikuwa tunazuia pumzi, halafu tukiinuka tunataka kutoa na kuvuta kwa mara moja. Toa polepole kwa pua na mdomo uso ukiwa majini. Ukigeuka, kazi inabaki moja tu, kuvuta.

Tatu, tusigeuze kichwa peke yake. Bega na kiuno vigeuke pamoja, kichwa kifuate, sikio moja likibaki ndani ya maji. Tena tubadilishe pande, kulia mara hii, kushoto mara ijayo.

Nne, tuogelee chali. Ukilala chali, maji yanakibeba kichwa kama mto wa kitandani. Kwa mwenye shingo mbovu hii ndiyo namna nzuri ya kuanzia, na ndiyo namna ya kupumzika katikati.

Tano, tupunguze bila kuacha. Mwenzetu alirudi kwenye dakika 10 tu, siku tatu kwa juma. Kila juma lililopita bila maumivu kuzidi aliongeza dakika chache. Misuli iliyokaa kitako mwaka mzima haiponi, hudhoofika, lakini iliyochoshwa nayo haiponi kwa kuchoshwa zaidi.

Na nywele je? Tulikubaliana kusuka mistari na kuvaa kofia ya plastiki. Kufunga kitenge kizito kichwani kunaongeza mzigo, maana kitenge kikilowa ni kama jiwe. Vivyo hivyo kitenge kilichofungwa kifuani huvuta mabega nyuma. Sisi tunavaa fulana na kaptula ndefu chini ya gauni, tunalivua gauni ufukweni kwenye kikundi chetu, na heshima yetu iko palepale.

Lakini mamba hakuondolewa kwa kofia ya plastiki. Hofu hiyo ni ya haki. Tuliweka sheria ya kutoogelea alfajiri wala jioni, kutokaribia midomo ya mito wala penye matete, na kutoogelea mtu peke yake. Akina mama wawili wanabaki ufukweni, wamesimama, kazi yao ni kutazama maji na kuhesabu vichwa, halafu wanabadilishana na wengine. Hapo ndipo tuligundua jambo ambalo hatukufundishwa chuoni: kumbe jicho la mwenzako aliye ufukweni ndilo linaloiruhusu shingo yako ipumzike. Mwenzetu alikuwa ameinua kichwa miaka yote kwa sababu alikuwa mwogeleaji, mwalimu na mlinzi kwa wakati mmoja. Je, si ndivyo tulivyo wengi wetu hata majumbani?

Tukiacha maji tukarudi nchi kavu, beseni nalo halikuwa bila hatia. Uvuvi ulipofunguliwa tuliangalia na kazi za kila siku. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, yaani vichwa vinne juu ya kichwa kimoja. Safari mbili za lita 10 ni bora kuliko moja ya 20. Tumia ngata nene iliyokaa katikati, tembea ukitazama mbele, na usijitwishe peke yako kwa kupinda shingo, omba wa kukutwisha. Kama kuna baiskeli au toroli nyumbani, hiyo si mali ya wanaume peke yao. Baba wa mwenzetu, tulipomweleza mambo haya mbele ya chai, alianza mwenyewe kuchota maji kwa baiskeli. Tena alimtengenezea chanja za kuanikia dagaa zinazofika kiunoni, ili asishinde ameinama juu ya mchanga.

Wanaonyonyesha, mleteni mtoto kwenye ziwa la mama kwa kumwekea mto chini. Msiinamishe shingo kumfuata mtoto. Wenye simu, inueni simu ifike usoni. Wakati wa kulala mto mmoja unatosha, unaojaza nafasi kati ya sikio na bega. Kulala kifudifudi kunapinda shingo usiku kucha.

Haya sasa mazoezi matatu ya nyumbani, asubuhi na jioni. Keti wima, urudishe kidevu nyuma taratibu kama mtu anayekwepa harufu, bila kuinamisha kichwa. Shika kwa kuhesabu hadi tano, legeza, rudia mara 10. Halafu vuta mabega nyuma na chini, mifupa ya mgongoni ikaribiane, hesabu hadi tano, mara 10. Mwisho simama mlangoni, weka mikono kwenye miimo ya mlango, sogeza kifua mbele polepole mpaka usikie misuli ya kifua inavutika, shika kwa nusu dakika. Kuvutika kunaruhusiwa, lakini maumivu makali yanakuambia usimame.

Kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya moto ya kuvumilika, kikiwekwa shingoni kwa dakika 15, huleta nafuu. Kuchua kwa mkono mwepesi ni vema. Lakini tunakusihi, usimpe mtu yeyote kichwa chako akinyonge mpaka shingo ialike. Shingoni ndimo inamopita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo.

Kuhusu dawa, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol kwa siku chache, bila kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia pombe sana aulize kwanza. Ibuprofen na diklofenaki ni dawa nzuri zikitumiwa kwa muda mfupi baada ya chakula, lakini huchoma tumbo na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasizitumie bila kuandikiwa. Sindano haina uwezo zaidi ya kidonge katika maumivu ya muda mrefu. Inaficha tu mlio wa kengele.

Aidha, ziko dalili ambazo hazingoji mazoezi. Mwende kituo cha afya mara moja mkiona shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kikali, hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mwende mkiona ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kuyumba wakati wa kutembea, au kushindwa kuzuia haja. Mwende mkiona kukonda, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu, au nundu inayoota kwenye uti wa mgongo, maana kifua kikuu hushambulia hata mifupa. Mwende kama maumivu yametoka kifuani yakapanda shingoni, tayani au mkononi, pamoja na jasho na kukosa pumzi. Na vijana wanaopiga mbizi kichwa mbele kwenye maji mafupi waonywe. Aliyeumia hivyo msimkalishe wala kumgeuza shingo. Mshikilieni kichwa kikae sawa na mwili, na abebwe juu ya ubao akiwa amenyooka.

Tusisahau na kichocho. Kinaenezwa na konokono wa majini, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Kwa hiyo tunachagua ufuko wenye mchanga na mawimbi, na anayeona damu katika mkojo au choo anakwenda kupimwa na kupewa prazikwanteli.

Mtauliza, mwenzetu amepona? Tuseme kweli. Majuma mawili ya kwanza hakuona tofauti, akatununia. Juma la nne alilala usiku mzima bila kuamka kutafuta upande. Baada ya miezi mitatu hivi alianza kugeuza shingo akiitwa. Hata sasa kusi likivuma kwa nguvu, au akibeba kupita kiasi, mabega yanamkumbusha. Lakini hayamtishi tena, kwa maana anajua yanatoka wapi na afanye nini. Maumivu ya muda mrefu mara nyingi huondoka hivyo, hatua kwa hatua, na mara nyingine hurudi hatua moja. Anayeahidi kuyaondoa kwa siku moja anatafuta fedha yako.

Jumamosi iliyopita tulikuwa zamu ya ufukweni, tukihesabu vichwa. Safari hii vichwa havikuonekana vyote, kwa sababu mabinti walikuwa wamelaza nyuso majini, mwalimu wao katikati, wote wakitazama chini. Tulihesabu migongo badala ya vichwa. Ilitimia, hakukosekana hata mmoja.

Akina mama, mwili huu tumekabidhiwa kuutunza, na shingo ni sehemu yake. Yule anayekuambia uache kila kitu unachokipenda kwa sababu kinauma, mwulize kwanza kama amekutazama unavyokifanya. Na wewe ukimwona mwenzako ameinua kichwa siku zote, mfuate umwulize anaangalia nini. Yawezekana unaweza kumwangalilia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.